Mjomba Fundi: Maji yanatoka sakafuni, kampuni inataka kuziba kuta

SWALI

Shikamoo Mjomba Fundi,

Nakuandikia kutoka Chicago, mtaa wa Austin, upande wa magharibi wa jiji. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga. Mwaka 2024 tulijikaza tukanunua nyumba, ya matofali, imejengwa 1926, zile ambazo hapa wanaziita bangaloo. Nyumba nzuri, mbao zake ngumu, madirisha ya mbele yana vioo vya rangi. Chini yake kuna besimenti, na kwa wasomaji walioko nyumbani niseme ni ghorofa nzima iliyo chini ya ardhi, upana sawa na nyumba ya juu. Aliyetuuzia alikuwa ameipamba: rangi mpya, zulia jipya, bafu dogo na choo. Tukasema hapa ndipo atakapokaa mama mkwe akija. Na kweli akaja.

Mwezi uliopita ilinyesha mvua kubwa usiku. Mama ndiye aliyeniamsha, akaniambia, "Mwanangu, huku chini choo kinaongea." Nikashuka nikakuta kinabubujika kama sufuria jikoni. Maji meusi yalikuwa yanapanda kwenye lile tundu la sakafuni karibu na mashine ya kufulia, yana vipande vya karatasi na harufu ya chooni. Halafu bafu nalo likaanza kujaa kutokea chini. Haikupita muda yakawa juu ya kifundo cha mguu. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku kazini. Mimi na mama tukaanza kuteka kwa ndoo, tunapanda ngazi, tunamwaga kwenye sinki la jikoni. Kadiri tulivyomwaga, kule chini hayapungui. Mvua ilipokatika yakaanza kushuka yenyewe kwa tundu lile lile, yakatuachia tope na uvundo.

Zulia limeharibika, magodoro yameloa, mikeka ya mama aliyokuja nayo imeloa, na heta ya maji ya moto ilizimika. Bima nimewapigia, wamesema maji ya namna hii hayamo kwenye mkataba wetu. Jirani yetu, mzee aliyezaliwa mtaa huu huu, ameniambia Julai 2023 katika nyumba yetu hii maji yalifika magotini. Yeye ana bomba lake fupi, mvua ikitanda analikaza kwenye tundu la sakafu kisha anakaa kuangalia mpira. Sikumwelewa.

Sasa kuna kampuni moja. Kijana wao alibisha hodi na tableti mkononi, akazunguka kuta zote, akatuonyesha chumvi nyeupe kwenye kona moja chini ya gata, ule mfereji wa maji ya paa. Ni kweli kona hiyo huwa inaloa kidogo mwezi wa tatu theluji ikiyeyuka. Akasema nyumba za zamani kuta zake zimechoka. Wanataka wavunje sakafu kandokando kuzunguka ndani, walaze bomba la matundu, waweke pampu, kisha wavike kuta plastiki. Dola 17,500, nusu mkononi na nusu kwa mkopo wao wenyewe. Punguzo linaisha Jumamosi. Mume wangu anataka kusaini, anasema mimi ni muuguzi, ya mafundi niwaachie mafundi. Mama mkwe anasema nyumba irudishwe kwa aliyetuuzia kwa sababu alituficha. Yeye mwenyewe bado analala kule chini kwenye godoro jipya, hataki kubana watoto juu.

Mjomba, tuanze na lipi? Na kuta zikizibwa, maji yatakoma kweli?

Asiyelala, Chicago


JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja kwa sababu ndani yake kuna kila kitu ambacho yule kijana mwenye tableti hakukuuliza.

Kabla ya mabomba, mama mkwe. Leo hii apande juu. Watoto wabanane, walale mzungu wa nne, alale sebuleni, lakini asilale chini usiku wowote ambao mvua inatabiriwa mpaka kazi nitakayoieleza imekwisha. Tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipopita jiji la New York, watu 13 walifariki jijini, na 11 kati yao walikuwa kwenye vyumba vya besimenti, wengi wao mtaa wa Queens. Maji yaliingia haraka, milango ikakataa kufunguka kwa uzito wake. Kwenu maji yalipita kifundo tu, alhamdulillahi. Lakini mzee wa jirani amekwambia yamewahi kufika magotini, na kwa mtu mzima aliye usingizini kwenye godoro la chini, maji ya magotini ni mengi mno. Mwambie mama nimesema mimi, mtu wa umri wake. Kwangu hatabisha.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye fedha: kuta zikizibwa maji hayatakoma. Maji yenu hayakupita ukutani.

Besimenti ya nyumba ya zamani ina njia mbili kuu za kuingiliwa na maji, na dawa ya moja haitibu nyingine. Njia ya kwanza ni ardhi. Mvua au theluji iliyoyeyuka inalowesha udongo unaozunguka msingi, maji yanausukuma ukuta, yanapenya kwenye ufa au pale ukuta unapokutana na sakafu. Maji haya huwa masafi kiasi, hayana harufu ya choo, huja polepole, mara nyingi yanaendelea hata mvua ikishakatika, na yakikauka yanaacha ile chumvi nyeupe. Kona yenu ya mwezi wa tatu ni hiyo. Njia ya pili ni bomba la maji taka. Maji yanayotakiwa kutoka nyumbani kwenda barabarani yanageuka, yanarudi.

Wewe umeandika: choo kilibubujika kwanza, kisha tundu la sakafuni, kisha bafu, maji meusi yenye karatasi, mvua ilipokatika yakashuka kwa tundu lile lile. Katika habari ya usiku ule hakuna mahali ulipotaja ukuta. Na kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonimalizia shaka: mlikuwa mnateka chini na kumwaga kwenye sinki la juu, na chini hayapungui. Sinki la juu linamwaga kwenye bomba lile lile ambalo lilikuwa limejaa. Mlikuwa mnayazungusha, mwanangu. Mlipanda ngazi usiku kucha kuyarudisha mlikoyatoa.

Kwa nini yanarudi? Chicago, kama miji mingi mikongwe ya Marekani, ina bomba moja barabarani linalobeba maji ya choo na maji ya mvua kwa pamoja. Walianza kulaza mabomba hayo miaka ya 1850, wakati ule mji ulipokuwa tambarare ya matope hadi ikabidi barabara na majengo yainuliwe ili mabomba yapate mteremko. Mvua ya kawaida bomba hilo linaimudu. Mvua ya mafuriko, paa zote na barabara zote zinamwaga humo kwa saa moja, maji yanapanda ndani ya bomba kuu. Yakifika usawa ulio juu ya sakafu ya besimenti yako, hayana haja ya kuvunja ukuta. Yanafuata bomba la nyumba yako kinyumenyume na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Ndiyo maana ni tundu la sakafu, choo cha chini na bafu la chini, na huku juu mlikuwa salama.

Mamlaka ya maji taka imejitahidi. Mwaka 1975 walianza kuchimba mahandaki makubwa ndani ya mwamba ya kuhifadhi maji ya mvua, urefu wake wote kama kilomita 175; mahandaki yalikamilika 2006, na mabwawa yake makubwa ya Thornton na McCook yakaanza kupokea maji 2015 na 2017. Kazi ya kustaajabisha. Lakini maji yakishanyesha Austin lazima kwanza yapite kwenye bomba la mtaani kwenu ndipo yafike handakini, na bomba hilo ni la zamani na lina upana wake. Tarehe 2 Julai 2023, siku anayoizungumzia mzee wa jirani, baadhi ya sehemu za upande wenu na vitongoji vya Cicero na Berwyn zilipata mvua ya kama milimita 200. Hakuna bomba la mtaani linalobeba hiyo.

Sasa angalia anachouza yule kijana. Bomba la matundu kuzunguka ndani na pampu ni kazi nzuri, nimeiona ikiokoa nyumba nyingi, kwa maji ya ardhini. Kwenu itakausha kona moja. Mvua kubwa ijayo, tundu la sakafu litatapika vile vile, maji ya choo yataingia kwenye mfereji wenu mpya wa dola 17,500, na kuta zitakuwa zimevaa plastiki safi. Simwiti mwizi. Ana dawa moja mkobani, na kila anayemwona anaumwa ugonjwa wa dawa hiyo.

Hizi ndizo hatua ningezifuata ningekuwa baba wa nyumba hiyo, na nitazitaja kwa mpangilio wa gharama, kwa sababu ya kwanza ni karibu bure.

Shukeni nje mtazame mabomba yanayoshusha maji ya gata. Nyumba za umri huo mara nyingi yameingia ardhini moja kwa moja na kuungana na bomba la maji taka la nyumba. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 25, ni lita 2,500. Maji hayo yote mnayapeleka wenyewe kwenye bomba ambalo tayari limejaa. Yakateni juu ya ardhi, zibeni shimo lililobaki kwa kifuniko chake, wekeni kiwiko na bomba la kupeleka maji mbali na msingi, mita mbili au zaidi, kuelekea bustanini na si kwa jirani. Ardhi ya Chicago ni mfinyanzi mzito, hainywi haraka, kwa hiyo udongo unaogusa ukuta nao uinuliwe uwe na mteremko wa kutoka nyumbani. Kazi hii ya wikiendi moja ndiyo inaweza pia kuikausha ile kona ya mwezi wa tatu, maana umesema iko chini ya gata. Ikikauka, dawa ya kijana wa tableti haina tena mgonjwa.

Uani kwenu, karibu na mlango wa jikoni, tafuteni kifuniko cha chuma cha duara. Bangaloo nyingi za Chicago zina chemba ya zamani pale, ilijengwa kudaka mafuta ya sinki la jikoni, na mara nyingi na maji ya gata. Wenye nyumba wapya hawaijui, inakaa miaka bila kufunguliwa, mafuta yanaganda humo kama samli. Ifungueni, ikaguliwe, inyonywe.

Kisha lipeni fundi bomba apitishe kamera kwenye bomba linalotoka nyumbani hadi barabarani. Bomba la 1926 kwa kawaida ni la udongo wa kuchoma, vipande vifupi vifupi vimeungwa, na kila kiungo ni mlango wa mizizi ya miti. Kama mizizi imejaa, au bomba limekatika na kuzama, basi hata mvua ya wastani itawarudishia maji, na valvu yoyote ya kuzuia maji kurudi mtakayoweka, nitaieleza hapa chini, itakuwa inapigana na tatizo lililo mbele yake. Ombeni video mbaki nayo. Fundi akikwambia kamera haina haja, "nimeshaona nyumba kama hizi," mshukuru na umsindikize mlangoni.

Nije kwa mzee wa jirani na bomba lake, maana nimempenda. Kile anachokaza kwenye tundu la sakafu ni bomba lililo wima lenye mpira unaobana. Maji yakipanda, yanapanda ndani ya bomba badala ya kumwagika sakafuni. Bei yake ni ndogo na kwa mvua nyingi linatosha. Lakini lina masharti. Kwanza, kwenu hamna tundu moja, kuna choo na bafu vilivyo chini. Ukiziba tundu la sakafu, maji yatahamia hapo. Yeye pengine hana bafu besimenti. Pili, maji yakisimama mita moja ndani ya bomba lile, chini ya sakafu yanasukuma kwa nguvu ya kama tani moja kwa kila mita ya mraba pale yanapopata njia ya kutoka kwenye mabomba chakavu, na sakafu ya zamani inaweza kuinuka ikapasuka. Ndiyo maana mabomba hayo hayazidi urefu wa futi tatu hivi, na ndiyo maana mzee anakaa kuangalia. Hajakaa bure.

Dawa yenyewe kwa nyumba yenye choo na bafu chini ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Inawekwa kwenye bomba kuu la nyumba, na Chicago mara nyingi hujengewa chemba ya zege ya kushuka mtu, kwenye bustani ya mbele. Maji yakitoka nyumbani inafunguka, yakitaka kurudi inajifunga. Ila ni kama mlango wa chuma wa duka la Kariakoo: ukishushwa mwizi haingii, lakini na wewe uliye ndani hutoki. Valvu ikiwa imefungwa, ukivuta choo, ukiendesha mashine ya kufulia, ukioga, maji yako hayana pa kwenda, yatatokea besimenti. Kwa hiyo kuna watu wamelipa maelfu kwa valvu kisha wakafurika kwa maji yao wenyewe, na wengi wao ni wale ambao gata zao zilikuwa bado zimeungwa kwenye bomba upande wa ndani wa valvu. Lita 2,500 za paa zimeingia ndani na mlango umefungwa. Sasa unaelewa kwa nini nimeanza na gata. Mfumo mzuri una valvu pamoja na pampu ndani ya chemba ile ile, inayochukua maji ya nyumba na kuyasukuma upande wa pili mlango ukiwa umefungwa. Ulizeni kama pampu imo kwenye bei, na kama ina betri ya akiba, kwa sababu dhoruba inayojaza mabomba ndiyo inayokata umeme. Na valvu inataka kufunguliwa na kusafishwa; kitambaa kimoja cha kufutia mtoto kikinasa kwenye kifuniko chake, haifungi.

Ya pili ni kuyapandisha mabomba. Choo na bafu vya chini na tundu la sakafu vinaachishwa kwenye bomba la zamani, vinamwaga kwenye tangi dogo lililozikwa sakafuni, na pampu inayapandisha maji hadi bomba lililoning'inia karibu na dari ya besimenti, ndipo yateremke kwenda barabarani. Maji ya barabarani yangelazimika kupanda hadi darini ili yawaingilie, na hilo ni nadra mno. Hii ndiyo kazi ya uhakika kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa sakafu inavunjwa. Kama mna nia ya mama kuishi chini kwa kudumu, hii ndiyo ningeitafutia fedha, na mngeweza kukuta bei yake haiko mbali sana na ile mnayotaka kumpa kijana kwa plastiki. Chukueni bei tatu kutoka kwa mafundi bomba wenye leseni, na kazi iwe na kibali cha jiji. Chumba cha kulala cha besimenti nacho kinatakiwa kiwe na njia ya pili ya kutokea, dirisha ambalo mtu anaweza kupita. Kama hakina, hata kikiwa kikavu mwaka mzima si chumba cha kulala.

Kuhusu kumrudishia muuzaji nyumba. Mama mkwe ana haki ya kukasirika. Sheria ya Illinois inamtaka muuzaji ajaze fomu aseme kama anajua besimenti imewahi kufurika au kuvuja mara kwa mara. Itafuteni kwenye makabrasha yenu. Lakini madai kwa sheria ile yana muda wa mwaka mmoja tu, na ninyi mlinunua 2024. Saa moja ya mwanasheria kujua kama kuna mlango mwingine, sawa. Zaidi ya hapo, fedha hizo zipelekeni kwenye bomba.

Bima wao hawakuwadanganya, ingawa wangeweza kuwaeleza siku mnalipia. Mkataba wa kawaida wa nyumba Marekani hauhusishi mafuriko wala maji taka kurudi. Maji taka kurudi ni nyongeza unayoomba na kulipia, na si ghali ukilinganisha na zulia na heta. Piga simu uiombe kwa jina hilo: maji kurudi kupitia mabomba na kushindwa kwa pampu. Uliza kiwango cha juu watakacholipa, kwa sababu nyingine zinaishia dola elfu tano. Bima ya mafuriko ya serikali kuu ni kitu tofauti, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipia, na kwa besimenti inalipa vitu vichache kama heta na mashine ya kupasha nyumba joto, si mazulia wala magodoro.

Na kila maji yanapoingia, piga 311, namba ya huduma za jiji, uripoti maji besimenti, hata kama yameshashuka, na mhimize kila jirani afanye hivyo. Najua watu wetu hawapendi kupiga simu serikalini. Pigeni. Mtaa usioripoti unahesabiwa kuwa mkavu. Baada ya mvua ya Julai 2023, Cook County, kaunti yenu, ilitangazwa eneo la maafa Agosti mwaka huo na waathirika wakaruhusiwa kuomba msaada wa FEMA, shirika la maafa la serikali kuu. Matangazo ya namna hiyo hujengwa juu ya hasara zilizoandikwa. Na mkiona maji yametuama barabarani kwa muda wakati wa mvua, msiende kuchokoa mashimo ya barabarani kwa fimbo. Jiji liliweka vizuizi humo makusudi, maji yasubiri barabarani kidogo badala ya kukimbilia besimenti zenu.

Kuhusu usafi, wewe ni muuguzi, haya maji unayajua kuliko mimi. Zulia, godoro na chochote chenye sponji kitupwe. Mikeka ya mama nayo, kwa masikitiko. Ukindu ukishanywa maji ya choo hautakasiki. Kanga na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto yakapona. Ukuta wa jipsamu ukatwe kama sentimita 30 juu ya alama ya maji, kwa sababu nyuma yake kuvu inaanza ndani ya saa 24 hadi 48, na ninyi mna mwezi. Mkiinusa hiyo harufu ya uvundo bado, iko huko nyuma ya rangi mpya. Jiki itumike sakafuni, madirisha wazi, na isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Heta iliyozamishwa sehemu ya moto wake msiiwashe wenyewe. Fundi wa gesi aitazame. Usiku ukikuta maji yamefikia soketi za umeme, usikanyage, hata kama vitu vya thamani viko upande wa pili.

Sasa mume wako. Usimwambie "nilikwambia." Mwonyeshe kisayansi: siku isiyo na mvua, achukue mpira wa bustani, aachie maji nje kwenye ile kona kwa nusu saa, wewe uwe chini na tochi. Ataona unyevu kidogo ukutani, safi, hauna harufu. Kisha muulize choo kiliongea kwa sababu ya ukuta upi. Mwanamume wa Tanga hukubali akijionea.

Na Jumamosi kijana akirudi, mkaribisheni chai, mumwombe aongeze mstari mmoja tu kwenye mkataba, aandike kwa mkono na asaini: kwamba baada ya kazi yake maji hayatatoka tena kwenye tundu la sakafu, chooni wala bafuni, na yakitoka anarudisha fedha zote. Illinois kazi ya nyumba inayozidi dola 1,000 lazima iwe kwa maandishi, kwa hiyo karatasi anayo. Kama ataandika, nitumieni nakala, kwa sababu nitakuwa nimeona kampuni ya kwanza ya namna hiyo.